Maswali ya Wasomaji: Mombasa ya Enzi za Kati, na Njia ya Kuitafuta Mtandaoni

Barua nne kati ya zile zilizonifikia mwezi huu zimegusa jambo moja kwa njia tofauti: namna ya kuchunguza historia ya Enzi za Kati kwa kutumia simu au kompyuta, na kisha kuiigiza mbele ya watu bila ya kuipotosha. Nimezijibu pamoja, ingawa ya kwanza imechukua nafasi kubwa kuliko nyingine.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya upili, na pia mlezi wa chama cha drama. Wanafunzi wangu wanataka kuigiza siku Ibn Battuta, yule msafiri kutoka Morocco, alipoteremka Mombasa mwaka 1331. Wameniletea michoro ya maleba waliyoitoa katika filamu na michezo ya kompyuta: majoho meusi, panga zilizopinda, hata ngamia wawili. Ni wapi mtandaoni tutapata habari za kuaminika bila ya malipo? Shule haina fungu la jambo hili. — Mwalimu, Kisauni

Mwalimu, ngamia waache wapumzike, na picha zote ziwekwe kando mpaka mtakapomaliza kusoma maneno ya msafiri mwenyewe. Kitabu chake kilichapishwa Paris kati ya mwaka 1853 na 1858 katika majuzuu manne, kwa Kiarabu pamoja na tafsiri ya Kifaransa, na majuzuu hayo yamo katika Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, na pia katika Gallica, ambayo ni maktaba ya kidijitali ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa. Kote kuwili unasoma na kupakua bure. Kwa Kiingereza, mahali pepesi zaidi ni Internet Medieval Sourcebook, mkusanyiko wa matini za Enzi za Kati ulioanzishwa mwaka 1996 na Paul Halsall katika Chuo Kikuu cha Fordham, New York. Humo mna sehemu za tafsiri ya H. A. R. Gibb ya mwaka 1929.

Hapo ndipo penye mtego, na ndiyo sababu nimeanza napo. Tafsiri ile ya 1929 ni ya mukhtasari. Inakwambia kwamba Mombasa ni kisiwa kikubwa, kwamba nafaka zililetwa kutoka nje, kwamba chakula cha wenyeji kilikuwa zaidi ni ndizi na samaki, kwamba watu wake walikuwa wacha Mungu na misikiti yao ilijengwa kwa mbao kwa ustadi, basi. Ukiishia hapo huna mchezo wa kuigiza, kwa sababu mambo yote yanayoweza kushikwa kwa mkono yameachwa. Katika Kiarabu kamili, Ibn Battuta anaeleza kwamba kwenye mlango wa kila msikiti palikuwa na kisima kimoja au viwili, kina chake dhiraa moja au mbili tu. Kwamba maji yalitekwa kwa chombo cha mti kilichotiwa kijiti chembamba cha urefu wa dhiraa moja. Kwamba ardhi ya kuzunguka kisima na msikiti ilikuwa imesawazishwa. Kwamba watu wote walitembea bila viatu. Na kwamba aliyetaka kuingia aliosha miguu yake, akaipangusa kwenye kipande cha mkeka mnene kilichowekwa mlangoni. Anataja pia tunda ambalo wenyeji waliliita kwa jina analoliandika jammun, lenye umbo la zeituni na kokwa kama ya zeituni, lakini tamu sana.

Msomaji yeyote wa Mombasa aliyewahi kurudi nyumbani na ulimi wa rangi ya urujuani atalitambua tunda hilo kuwa zambarau, na chombo kile chenye kijiti atakiita kata bila ya kuambiwa. Kwa hiyo maonyesho yako ya kwanza yanahitaji kata, mkeka mnene, ndizi, samaki na miguu mitupu, vitu ambavyo shule yoyote inaweza kuvipata kwa siku moja. Ikiwa Kiarabu kinawatatiza, mchukulieni ukurasa huo ustadhi wa chuo kilicho karibu. Habari za Mombasa hazizidi ukurasa mmoja, maana Ibn Battuta alilala hapa usiku mmoja tu kabla ya kuendelea Kilwa.

Mavazi hakuyaeleza alipokuwa Mombasa. Aliyaeleza Mogadishu, alikopita siku chache kabla, na kwa kuwa miji hii ilifanya biashara pamoja ni halali kuazima, mradi muwaambie watazamaji kwamba mmeazima. Huko alipewa nguo ya hariri ya kujifunga kiunoni badala ya suruali, ambayo anasema watu wale hawakuijua, pamoja na vazi la juu la kitani kutoka Misri lenye tarizi, joho lililotiwa bitana, na kilemba cha Misri. Sultani mwenyewe alitembea chini ya miavuli minne ya hariri, kila mmoja ukiwa na ndege wa dhahabu juu yake. Tazama basi: mvulana mwenye msuli wa Mombasa na kilemba kilichofungwa vizuri yuko karibu zaidi na mwaka 1331 kuliko yule mwenye joho jeusi la filamu.

Baada ya maneno ndipo picha zije. Pwani yetu haikutuachia picha za watu za karne ile, lakini katika Gallica andika "Arabe 5847" na utafunguliwa muswada wa Maqamat za al-Hariri, kitabu cha visa vya Kiarabu, ulioandikwa na kuchorwa na Yahya bin Mahmud al-Wasiti huko Iraki mwaka 634 wa Hijria, yaani 1237. Una picha 99. Mojawapo inaonyesha jahazi likiwa safarini: abiria wametoa vichwa kwenye madirisha ubavuni, mabaharia wako juu na kamba zao, na mbao za chombo zinaonekana zimeunganishwa kwa mishono, kama ulivyokuwa mtepe wetu ulioshonwa kwa kamba za kumbi bila ya msumari. Kuza picha hiyo mpaka uone mkunjo wa kilemba na urefu wa mikono ya kanzu. Itumieni kwa kumvisha msafiri na mabaharia wa kigeni, si kwa mwenyeji wa Mvita, kwa sababu kati ya picha hiyo na mchezo wenu kuna takriban miaka mia moja na bahari nzima.

Kazi iliyobaki ni ya kuondoa, na ndiyo ninayoipenda zaidi. Kanga ziondoke, kwa kuwa ni za karne ya 19. Mahindi, muhogo, nyanya, nanasi na papai viondoke, kwa sababu asili yake ni Amerika na havikuvuka bahari kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Pilipili hoho na pilipili kali za mbuzi nazo ziondoke kwa sababu hiyohiyo, na hapa muwe macho: katika karamu ya Mogadishu, iliyokuwa ya wali wa samli uliomiminiwa mchuzi wa kuku, nyama na samaki, pamoja na achari ya ndimu, tangawizi mbichi na maembe, baadhi ya tafsiri za Kiingereza zimeandika pilipili ya Amerika mahali ambapo Kiarabu kina neno la pilipili kwa jumla. Mfasiri alitazama sahani ya zama zake. Ngome ya Fort Jesus pia isichorwe kwenye pazia la nyuma, kwani Wareno walianza kuijenga mwaka 1593.

Hata maneno huvaa nguo za zama. Meza, leso na bendera ni maneno tuliyoyapata kwa Wareno, kwa hiyo kadhi wa mwaka 1331 akisema "weka meza hapo" amekosea kwa zaidi ya miaka 160. Sisemi muwakataze wanafunzi kuzungumza. Nasema tu kwamba wakilijua hilo watacheka, kisha watalikumbuka.

Nami si msafi. Miaka iliyopita kikundi kimoja kiliniomba niwasaidie katika onyesho la kuja kwa Wareno, nikamvisha mke wa mfalme kanga za kisutu na kujiona nimefanya kazi. Onyesho lilipokwisha, mama mmoja mtu mzima aliniita kando akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hizo kanga mwaka ule ziliuzwa duka gani?" Ningemsoma kwanza Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16 kwamba wanawake wa Mombasa walivaa hariri na dhahabu kwa wingi, nisingepata jibu la kuumauma midomo.

Jambo moja la mwisho kwako, Mwalimu. Msikiti wa mbao usikufanye uchore mji mzima wa mbao. Msikiti wa Kizimkazi huko Unguja una maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107, yaliyochongwa kwenye mawe ya matumbawe, na katika magofu ya Gedi kuna kaburi la mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399. Ujenzi wa mawe ulijulikana pwani hii zaidi ya karne mbili kabla ya mgeni wetu kushuka. Basi la kwenda kwenye magofu ya Jumba la Mtwana, ng'ambo ya daraja la Mtwapa, litawafundisha wanafunzi ukubwa wa vyumba na upana wa milango ya karne ya 14 kwa namna ambayo skrini haiwezi.

Mimi ni kijana wa miaka kumi na tisa. Napenda sana habari za wapiganaji wa Ulaya wa Enzi za Kati, na nimeona picha za watu wazima wanaovaa deraya na kupigana kwa mapanga kama mchezo. Je, hao ni akina nani, na nitajifunzaje kwa usahihi nikiwa huku Likoni? — Kijana, Likoni

Kijana wangu, hao wana historia yao. Jumuiya kubwa kuliko zote, Society for Creative Anachronism, ilianzia Berkeley, California, mwaka 1966, na wanachama wake hawapigani tu. Wapo wanaopika, wanaofuma, wanaoandika kwa kalamu za manyoya, na katika kazi hizo hutakiwa kuonyesha ushahidi wa kila walichokitengeneza. Huko Poland kila Julai huigizwa vita vya Grunwald vya mwaka 1410, na mji wa Visby nchini Sweden umekuwa na wiki yake ya Enzi za Kati kila Agosti tangu mwaka 1984. Ufaransa kuna jambo lililonivutia zaidi: mahali paitwapo Guédelon, ambapo tangu mwaka 1997 mafundi wanajenga kasri zima kwa zana za karne ya 13, wakichonga mawe na kupandisha mizigo kwa magurudumu yanayokanyagwa na watu walio ndani yake.

Kwa picha, itafute Biblia ya miaka ya 1240 iliyo katika Morgan Library ya New York, yenye namba M.638, ambayo imewekwa mtandaoni ukurasa kwa ukurasa. Ni hadithi za Agano la Kale, lakini mchoraji amewavisha askari wa Nabii Daudi kama askari wa Ufaransa wa siku zake, na kwa kosa hilo la kubarikiwa tumepata kumbukumbu bora ya mavazi ya vita ya karne ya 13. Utaona kwamba wamevaa deraya za pete ndogo za chuma zilizofumwa, si mabamba yanayong'aa kutoka kichwani hadi unyayoni. Mabamba kamili ni ya karne ya 15. Michezo ya kompyuta huchanganya karne hizo mbili kama achari.

Nguo za kawaida, ambazo ni rahisi zaidi kushona, zina ushahidi wa ajabu: huko Herjolfsnes, Greenland, barafu iliyahifadhi magauni, kofia na soksi za Wanorse, walowezi wenye asili ya Skandinavia, mpaka yalipofukuliwa mwaka 1921. Vipimo na michoro ya mikato yake ndivyo waigizaji wengi wa Ulaya wanavyotumia, na fundi cherehani yeyote wa Likoni ataielewa mikato hiyo bila ya shida, kwani ni vipande vya pembetatu vilivyotiwa ubavuni ili kupanua pindo.

Deraya usiinunue. Ile ya mabamba hufika kilo 20 na zaidi, na chini yake huvaliwa koti lililojazwa pamba; fikiri mwenyewe saa saba mchana pale ufukweni Mama Ngina mwezi wa Februari. Jifunze badala yake upanga na ngao ndogo. Kitabu cha zamani kuliko vyote vya mafunzo ya upanga tulivyonavyo, muswada I.33 wa Royal Armouries ulioko Leeds, ni cha mwanzoni mwa karne ya 14 na kinafundisha mchezo huo, na tovuti ya Wiktenauer imekusanya vitabu vya namna hiyo bure kwa kila mtu. Anza na fimbo za mti na kinga ya uso.

Ukitaka kujua kwa nini nimekuchagulia silaha hiyo, fungua Project Gutenberg, maktaba nyingine ya bure ya mtandaoni, utafute shajara ya safari ya kwanza ya Vasco da Gama, iliyotafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1898. Merikebu zake zilitia nanga nje ya Mombasa tarehe 7 Aprili 1498. Mwandishi wa shajara anasema kwamba usiku wa manane chombo kimoja kiliwakaribia kikiwa na watu kama mia moja, wote wameshika panga na ngao ndogo. Siku iliyofuata mfalme akawapelekea kondoo pamoja na machungwa, ndimu na miwa. Kwa hiyo mchezo unaoutafuta Ulaya uliwahi kuchezwa, kwa shari au kwa kutishia tu, mbele ya kisiwa unachokiona kila unapopanda feri.

Nikitafuta "Mombasa" pamoja na "Enzi za Kati" napata matangazo ya hoteli. Rafiki yangu anasema niulize programu ya akili unde inijibu kila kitu. Je, ni sawa? — Mwanafunzi, Changamwe

Tatizo la kwanza ni tahajia. Waarabu waliandika Manbasa, Wareno waliandika Mombaça. Kilwa kwao ni Quiloa na Malindi ni Melinde. Tafuta kwa majina hayo ndani ya Internet Archive, wala si katika mtambo wa kawaida wa kutafutia, na hoteli zitatoweka. Ukikutana na mwaka wa Hijria, usiongeze 622 kwa kichwa na kuondoka, kwa kuwa mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua. Tumia jedwali la kugeuza tarehe.

Akili unde iulize swali, kisha uidai jina la kitabu na ukurasa, halafu ukaufungue ukurasa huo wewe mwenyewe. Usipokuwapo, jibu litupe. Lakini usidhani udhaifu huo ni wa mashine peke yake. Al-Idrisi, mwanajiografia aliyeitaja Mombasa mwaka 1154, akisema wenyeji wake huchimba chuma na kuwinda chui, alikuwa Sicily kwa mfalme Roger wa Pili akiandika habari alizosimuliwa, hakukanyaga huku. Ibn Battuta alikanyaga. Maandishi yote mawili ni ya zamani na yote ni ya thamani, ila shahidi aliyeona hakai kiti kimoja na shahidi aliyesikia.

Nina sanduku la marehemu babu lenye makaratasi ya kasida na vitabu vya dini vilivyoandikwa kwa mkono kwa hati za Kiarabu, vingine kwa Kiswahili. Wajukuu wanasema ni vya Enzi za Kati na wanataka kuvitia mtandaoni. Nifanyeje? — Bibi, Kibokoni

Shikamoo, Bibi. Kwa umri, wajukuu wamezidisha chumvi kidogo: barua za Kiswahili kongwe zinazojulikana, zilizohifadhiwa Goa, ni za kuanzia mwaka 1711, na makaratasi mengi ya majumbani pwani hii ni ya karne ya 19. Hilo halipunguzi heshima yake hata chembe. Miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu imepigwa picha chini ya Endangered Archives Programme ya Maktaba ya Uingereza, ikawekwa mtandaoni kwa namba EAP466, na nakala asili hazikuhitaji kuondoka mikononi mwa wenyewe. Waambie wajukuu waifungue namba hiyo mbele yako, walinganishe karatasi, wino na mapambo ya pambizoni na yale ya babu.

Wakianza kupiga picha, kurasa zikae juu ya kitambaa cheusi karibu na dirisha, mbali na jua lenyewe, na simu ishikwe sambamba na karatasi. Kila ukurasa upigwe, hata ulio mtupu, na jalada lipigwe ndani na nje, kwa sababu mara nyingi jina la mwandishi na tarehe vimo ukurasa wa mwisho au vimeandikwa upande wa ndani wa jalada. Namba za kurasa ziandikwe kwa penseli kwenye daftari la pembeni, si kwenye karatasi zenyewe, na yeyote atakayekuja na gundi ya uwazi au wazo la kuzifunika kwa plastiki mpe chai umruhusu aende zake. Watu wa makumbusho ya Fort Jesus wamezoea kuulizwa habari za vitu kama hivi; nenda na picha, na sanduku libaki nyumbani.